Klachi Kuukuu na Uhuru wa Mwenye Gari

Katika kila gari la gia za mkono mna kiungo kimoja kilichoumbwa ili kiishe, nacho ni klachi. Kazi yake ni kuiunganisha injini na giaboksi, na kuzitenganisha dereva anapotaka kubadili gia. Sahani nyembamba iliyovikwa bitana hubanwa baina ya flaiwili, izungukayo pamoja na injini, na sahani nyingine ya chuma isukumwayo na springi. Mguu ukikanyaga pedali, springi hulegea na sahani ya katikati huwa huru. Mguu ukiinuka, hubanwa tena. Kila inapobanwa huteleza kidogo, na kila inapoteleza huliwa. Lakini yaliwa ili meno ya gia na ekseli visalimike. Basi hapana shaka kwamba klachi itakwisha. Lililobaki ni kujua nani ataibadilisha, tena wapi. Historia ya jambo hili yaonyesha kwamba uwezo wa mwenye gari wa kujitengenezea gari lake nyumbani haukutegemea ustadi wake peke yake. Ulitegemea kwanza uamuzi uliokwisha kukatwa na mchoraji wa gari, kabla gari lenyewe halijauzwa.

Magari ya mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 aghalabu yalikuwa na klachi ya umbo la pia: kipande cha chuma kilichovikwa ngozi, kilichoingia ndani ya flaiwili na kukamata humo. Ngozi ikikauka ilikamata kwa ghafula na kulirusha gari mbele. Ikilowa mafuta ya injini iliteleza. Ilipochakaa ilikatwa ngozi nyingine na kugongelewa ribiti, kazi iliyokaribia ile ya mshona matandiko ya farasi. Lakini wenye magari siku hizo walikuwa matajiri walioajiri madereva, na dereva ndiye aliyekuwa fundi pia. Suala la mwenye gari kuinama chini ya gari lake lilikuwa bado halijazuka.

Lilizuka Marekani. Baina ya mwaka 1908 na 1927 kampuni ya Ford ilitoa magari zaidi ya milioni 15 ya aina ya Model T, na mengi yakanunuliwa na wakulima walioishi mbali na gereji. Gari hilo lilibadili mwendo kwa mikanda iliyovikwa bitana ya pamba, ambayo dereva aliibana kwa pedali juu ya ngoma zilizozunguka ndani ya mafuta. Baadhi ya mikanda ilipolegea ilikazwa kupitia mlango mdogo uliokuwa karibu na miguu ya dereva. Ilipoisha kabisa kazi ilikuwa ya taabu, maana ama kifuniko kizima king'olewe, ama mkono upenye mlangoni kwa hadhari kubwa, nati isije ikaponyoka na kuzama katika mafuta. Katika magari ya mwaka 1926 kiwanda kilileta mikanda iliyofanywa makusudi itolewe kupitia mlango ule ule. Chuma kilikuwa kile kile na mkulima alikuwa yule yule. Kilichobadilika ni mchoro, na kazi ikawa nyepesi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Volkswagen ndogo yenye mgongo wa kobe. Ilichorwa na Ferdinand Porsche huko Ujerumani katika miaka ya 1930, chini ya utawala wa Wanazi, ila raia hawakuipata mpaka vita vilipokwisha. Mwaka 1945 kiwanda cha Wolfsburg kilikuwa mikononi mwa jeshi la Uingereza, na ofisa mmoja, Meja Ivan Hirst, akakifufua. Injini ya gari hilo ilikaa nyuma, nayo ilipozwa kwa hewa, hata hapakuwa na rejeta wala mipira ya maji ya kufungua. Tena ilishikamana na giaboksi kwa bolti nne tu.

Kwa sababu hiyo, kubadili klachi ya gari hilo kulikuwa ni kushusha injini. Mtu alitenga betri, akafungua nyaya za umeme, kebo ya mafuta, kebo za joto na mpira wa petroli. Aliinua nyuma ya gari na kuliegemeza imara, akaiwekea injini jeki ya kuibeba, akafungua zile bolti nne, kisha akaivuta injini nyuma kwa unyofu mpaka ikaachana na shafti ya giaboksi. Bolti sita za klachi zililegezwa kidogo kidogo kwa kukingamana, ili sahani isipinde. Sahani mpya iliwekwa katikati barabara kwa kutumia kipande cha shafti kuukuu. Ikiwa upande hata kidogo, injini haitarudi mahali pake. Aliyekuwa na busara alitazama pia sili ya mafuta na beringi ya klachi, maana bitana mpya ikilowa mafuta ni sawa na iliyokwisha. Mwisho alizungusha kwa vidole nati ya masikio iliyo mwisho wa kebo, mpaka pedali ikawa na nafasi ya milimita 10 hadi 20 kabla ya kukamata. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame; hapa aliyeinama alikipata.

Magari mengi ya wakati huo yenye injini mbele yalitaka mtu alale chini na kuishusha giaboksi kifuani pake. Lakini wachoraji wengine nao waliufikiria mkono wa mtengenezaji. Katika Saab 99, iliyotolewa mwaka 1968, klachi iliwekwa mbele ya injini, ikaweza kubadilishwa bila ya kushusha injini wala giaboksi.

Hata hivyo mchoro mwema hautoshi pasipo elimu. Mwaka 1969, mjini Santa Fe katika Marekani, mhandisi John Muir alijichapishia kitabu cha kuwafundisha wenye Volkswagen kuzitengeneza wenyewe. Kilijaladiwa kwa waya ili kilale wazi sakafuni karibu na spana, na kilimwandikia mtu asiyepata kushika chombo maishani mwake. Siri iliyokuwa ya gereji ikatolewa uani.

Afrika Mashariki gari hilo lilijulikana kwa ushindi. Mashindano ya Safari yalianzishwa mwaka 1953, na Volkswagen ikashinda mwaka 1954, 1957 na 1962, katika njia za matope na vumbi. Mahali ambapo gereji iko mbali, gari linalovumilia njia ni nusu ya haja; nusu ya pili ni gari linaloweza kufunguliwa pale pale liliposimama.

Uhuru huo, lakini, ulikuwa na sumu ndani yake. Kwa miongo mingi bitana za klachi na breki zilitiwa asbesto, kwa kuwa yastahimili moto. Bitana ilipoliwa iligeuka vumbi jeusi lililojaa ndani ya kasha la klachi, na mtengenezaji, uani kwake kama gerejini, alilipuliza kwa kinywa au kwa pampu. Vumbi hilo huweza kuleta saratani baada ya miaka mingi. Uingereza ilikamilisha marufuku ya asbesto mwaka 1999, lakini gari kuukuu laweza kuwa na bitana ya zamani hata leo. Ndiyo maana vumbi lake hufutwa kwa kitambaa kilicholowa maji, wala halipulizwi. Mchoraji aliyemfungulia mwenye gari mlango hakumwambia kilichokuwamo nyuma ya mlango huo.

Volkswagen ya mwisho ya aina ile ilitoka kiwandani Puebla, Mexico, mwezi wa Julai 2003, baada ya magari zaidi ya milioni 21. Katika magari mengi ya leo kuifikia klachi kwataka kuteremsha fremu inayobeba injini, na flaiwili yenyewe mara nyingi ina sehemu mbili zenye springi ndani yake, ya bei kubwa kuliko klachi. Magari hayo ni matulivu zaidi na hutumia mafuta kwa uangalifu. Wala si haki kuyadharau. Ila mwenye gari akishindwa kuibadilisha klachi yake, asihukumiwe upesi kuwa ni mvivu kuliko babu yake. Babu alikuta bolti nne, na mahali pa kupitisha mkono.