Bila Kubisha Hodi

Nyanya alipopata kiharusi tulimpa chai na kumwambia alale. Mdomo ulikuwa umepinda kidogo, lakini sisi tukasema ni uchovu. Kesho yake daktari akatuonyesha picha ya kichwa chake, akasema ubongo umevimba. Kuna ukuta kati ya damu na ubongo, akaeleza, na wa nyanya umelegea, sasa maji yanavuja. Mimi sikuwahi kusikia habari za huo ukuta. Usiku huo sikulala, nilisoma tu.

Kumbe aliyekutana nao kwanza aliukosa. Mnamo 1885 Paul Ehrlich, Mjerumani, aliwadunga wanyama rangi. Viungo vikashika rangi, ubongo ukakataa. Ehrlich akaamua ati ubongo hauna haja na rangi hiyo. Edwin Goldmann, aliyefanya kazi naye, akaligeuza jaribio mwaka 1913: akaitia rangi kwenye maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo. Ubongo ukawa buluu, mwili mwingine wote ukabaki vile ulivyokuwa. Basi kulikuwa na kitu katikati. Mwaka 1967 Thomas Reese na Morris Karnovsky wakakiona kwa darubini ya elektroni: seli za mishipa midogo ya damu zimebanana kama abiria wa matatu saa kumi na mbili jioni.

Shida ni kwamba ukuta huo huzuia pia dawa nyingi. Na aliyetuonyesha njia ya kupenya, sikutarajia, ni virusi vya Ukimwi. Mwaka 1988 watafiti waligundua kuwa Tat, protini ya virusi hivyo, huingia ndani ya seli bila kubisha hodi. Mwaka 1999 kipande chake kilibeba protini nyingine hadi ndani ya ubongo wa panya. Niliisoma sentensi hiyo mara mbili. Nyumbani kwetu kuna makaburi mawili ya virusi hivyo.

Kule Toronto, daktari wa upasuaji wa ubongo Michael Tymianski na wenzake waliunganisha kipande cha Tat chenye asidi amino 11 na kingine cha 9. Huo mnyororo mfupi ndio peptidi, na yao ilikuja kuitwa nerinetide. Haizibi ukuta, tuelewane. Inaingia kwenye seli za ubongo zilizokosa damu na kukata ujumbe unaoziua. Mwaka 2002 ilisaidia panya, na 2012 ikasaidia kima.

Halafu wakaja watu. Jaribio la ESCAPE-NA1, lililochapishwa 2020, lilikuwa na wagonjwa 1,105, na kwa jumla dawa haikusaidia. Ila waliokosa alteplase, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, walionekana kupata nafuu. Alteplase huamsha kimeng'enya kiitwacho plasmini, nacho plasmini huikatakata peptidi. Yaani dawa moja ilikuwa inaila nyingine! Jaribio jingine likafanywa kwa wagonjwa wasiopewa alteplase. Nalo halikufua dafu.

Nyanya siku hizi hushika kikombe kwa mkono wa kushoto. Juzi aliniuliza kama ile dawa niliyokuwa nikiisoma imepatikana. Nikamwambia bado wanaitafuta.

"Haya," akasema, "niongezee sukari."