Rangi za Galaksi na Neno "Bandia"

Katika miezi ya mwisho wa mwaka, mvua ikiachilia anga, mtu aliyeko Kanazi, kusini ya mji wa Bukoba, aweza kuiona galaksi ya Andromeda upande wa kaskazini na Mawingu ya Magellan upande wa kusini. Zote huonekana kama ukungu mweupe. Lakini vitabuni galaksi hizo zina wekundu, manjano na buluu. Je, vitabu vyasema uongo?

Yafaa ikumbukwe kwamba gizani jicho hutumia chembe zisizotambua rangi. Weupe ule, basi, ni upungufu wa jicho. Kamera hukusanya mwanga kwa saa nyingi. Mwaka 1888, huko Uingereza, Isaac Roberts aliipiga Andromeda picha isiyo na rangi, ingawa njia ya kupata rangi ilikwisha kuonyeshwa na James Clerk Maxwell mwaka 1861: picha tatu, kila moja kwa chujio lake, jekundu, la kijani na la buluu, kisha kuziunganisha. Watayarishaji wa picha za galaksi wangali wakifuata msingi huo. Huondoa mng'ao wa anga, hulinganisha nyota kwa nyota, husawazisha rangi. Buluu hutambulisha nyota changa zenye joto kali, manjano nyota kongwe, na wekundu gesi ya hidrojeni.

Iko pia miale isiyoonekana kabisa. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru kwa kuwa siku hiyo Kenya iliadhimisha uhuru wake. Eksirei hazina rangi kwa jicho; atengenezaye picha yake hana budi kuzipa rangi kwa kanuni maalumu.

Kuziita rangi hizo "rangi bandia" kwaleta utata. Meno ya bandia hayamdanganyi mtu, lakini noti bandia ni hila, na mwanafunzi atashika maana hii ya pili. Tunapendekeza "rangi halisi" pale machujio yafuatapo uwezo wa jicho, na "rangi wakilishi" pale rangi inaposimama badala ya mwanga usioonekana. Kuwakilisha si kughushi, na istilahi ya sayansi haina budi kuionyesha tofauti hiyo.