Manga ya kujifunzia Kijapani: mwenye kuanza achague ipi?

Kijana wa Butembo ao Beni anayesoma manga, mara nyingi anaisoma kwa Kifaransa. Akitaka kujifunza Kijapani chenyewe, inafaa achague vizuri. La sivyo atapoteza mega na moyo wa kuendelea.

Kwanza, maandishi. Kijapani kina hiragana na katakana, kila moja na herufi 46 za musingi. Tena kuna kanji, alama zilizotoka China. Zile za matumizi ya kawaida ni 2.136. Mwenye kuanza atafute manga yenye furigana, ni kusema herufi ndogo kando ya kanji zinazoonyesha namna ya kuisoma. Manga za watoto na vijana kwa kawaida ziko nayo; za watu wazima mara nyingi hazina.

Pili, maneno. Naruto na One Piece zinapendwa sana, lakini mule wanaongea wapiganaji na maharamia. Mutu akizungumuza vile mbele ya muzee ao mukubwa wa kazi, ni kukosa heshima, Japani sawa na Beni. Afadhali Yotsubato! ya Azuma Kiyohiko, iliyoanza mwaka 2003: binti mudogo, baba yake na majirani, maneno ya kila siku. Doraemon ya Fujiko F. Fujio nayo ni ya nyumbani na masomoni.

Kabla ya kulipa, jaribu ukurasa moja, ukisoma kutoka kuume kwenda kushoto. Kama kila sentensi inaomba kamusi, iache kwanza, utairudilia kisha.