Miaka Ishirini Ijayo: Historia Fupi ya Mahafali Kando ya Mlima Meru

Kila sekondari hutunza matokeo ya mitihani. Ukitaka kujua nani alipata divisheni wani mwaka fulani, makamu mkuu wa shule atafungua kabati la chuma na kukuonyesha jina, namba na alama. Lakini ukiuliza wenzake walimtabiria nini siku ya mahafali, walimwiga mwalimu yupi hadi wazazi wakafuta machozi ya kicheko, au waliwaachia wadogo zao wosia gani, hakuna karatasi utakayopewa. Sehemu hiyo ya historia ya shule zetu imo vichwani mwa watu, na watu wanazeeka. Naiandika kwa sababu naamini vijana wetu hawajawahi kusema kweli kuhusu nchi yao kuliko wanavyosema siku hiyo, wakiwa wanatania.

Mahafali ya kidato cha nne huangukia zaidi Septemba na Oktoba, kabla ya mtihani wa taifa wa Novemba. Huku Oldonyo Sambu, kwenye barabara ya Namanga, kaskazini magharibi mwa Mlima Meru, huo ni wakati wa kiangazi. Upande wa Tengeru na Usa River mlima unagawa mvua, migomba na kahawa. Upande wetu unabakiza upepo, vumbi na punda wenye madumu ya maji mgongoni. Turubai hufungwa kamba kwenye mawe makubwa lisije likapeperuka. Viti vya plastiki vya mbele ni vya meza kuu na nyuma wanajipanga wazazi, kina yeyo, yaani akina mama, na shanga zao shingoni, wazee na shuka na fimbo. Mama humvika mhitimu shada la karatasi za kung'aa. Bibi naye huvua mkufu wake wa shanga akamvika juu ya lile shada, na babu humtemea mjukuu mate kidogo ya baraka. Kisha wahitimu hupanda mbele kuagana na shule yao kwa kuichekesha.

Kicheko hicho hakikuletwa na shule. Wamaasai na Waarusha tangu zamani humkejeli kijana mkesha wa jando, wakamwimbia maneno makali kuwa ataogopa, ataaibisha ukoo, ili kesho yake asimame imara. Anayevuka hutaniwa kwanza. Shule za bweni zilipoanza kukusanya vijana kutoka pembe zote za Tanganyika, zikaongeza utani wa makabila: Mngoni na Mhehe, Mchaga na Mpare, Mnyamwezi na Mzaramo. Mtani ana ruhusa ambayo ndugu hana. Huweza kusema msibani kwamba marehemu alikuwa bahili na hakuna wa kumkasirikia. Vijana wa mabweni wakaihamishia ruhusa hiyo kwenye siku ya kuagana, na kwa siku moja katika miaka minne mwalimu wa nidhamu akawa mtani wao.

Elimu ya darasani iliingia huku kwa shida. Mwaka 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, na wakoloni wa Kijerumani wakalipiza kisasi kikatili kwa Wameru na Waarusha. Miaka michache baadaye Walutheri walirudi wakafungua kituo Nkoaranga, kisha Ilboru. Katika miaka ya 1940 Ilboru ikapata sekondari, ambayo leo ni ya serikali na miongoni mwa shule za vipaji maalumu nchini. Watoto wa mlima walianza kumaliza masomo wakati mkoloni bado yupo, na mtihani wa mwisho ukisahihishwa Cambridge. Ndoto kubwa ya mhitimu wa zama hizo ilikuwa na mipaka yake: ukarani bomani, ualimu, uchungaji, na kwa wachache sana Makerere, maana Tanganyika haikuwa na chuo kikuu. Aliyejitabiria kukaa kwenye kiti cha Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa kikoloni, alikuwa anafanya mzaha. Lakini mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kuwatetea Wameru waliofukuzwa kwenye ardhi yao, akasema mbele ya Umoja wa Mataifa. Mwaka 1961 Dar es Salaam ikafungua chuo kikuu chake kwa wanafunzi 13 wa sheria. Kwa miaka tisa tu, mzaha wa Bwana Shauri ukawa nafasi ya kazi iliyotangazwa.

Kisha likaja Azimio la Arusha, Februari 1967, na Elimu ya Kujitegemea mwezi uliofuata. Shule zikapata mashamba, mifugo na majembe. Mahafali nayo yakabadilika sura. Ngonjera, ambayo Mathias Mnyampala na wenzake wa UKUTA, chama cha washairi wa Kiswahili, waliikuza iwe chombo cha kueneza siasa ya Ujamaa, ikapata makao ya kudumu shuleni, na hadi leo ni nadra kuona mahafali yasiyo na wanafunzi wawili wanaojibizana kwa mashairi mbele ya mgeni rasmi. Kwangu mimi hiyo ni zawadi kubwa ya zama zile kwa wahitimu: walipewa namna ya kubishana hadharani kwa vina, na ubishi wa vina humfikia kiongozi pale ambapo malalamiko ya kawaida hayafiki.

Zama hizo pia zilimnyang'anya mhitimu uhuru wa kujitabiria. Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, lililoundwa mwaka 1963, lilifanywa la lazima kwa wasomi kwa sheria ya 1966. Oktoba mwaka huo wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kuipinga. Mwalimu Nyerere akawarudisha mamia makwao, akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mwaka 1974 Azimio la Musoma likaongeza sharti: mhitimu wa kidato cha sita afanye kazi kwanza, ndipo aombe chuo kikuu. Kwa hiyo kijana aliyesimama siku ya mahafali alijua kituo chake cha kwanza bila mpiga ramli. Ni kambini, alfajiri, kirungu cha afande na sufuria la maharage. Mzaha wa wahitimu ukahamia huko: nani atalia wiki ya kwanza, nani atanenepa, nani ataoa mpishi. Mafunzo hayo yalisitishwa mwaka 1994 na kurejeshwa 2013. Siku hizi wahitimu wa kidato cha sita wa Arusha wakiimba mchakamchaka jukwaani kwa kuigiza, wadogo zao wanaelewa mara moja, maana Oljoro JKT ipo jirani na wengine wana kaka zao kule.

Mwaka ule ule wa Azimio la Arusha, tanzanaiti ilitambuliwa Mererani, kusini mwa mlima huu huu. Ilichukua muda kufika kwenye mahafali, lakini ilipofika haikuondoka. Kwa vijana wa Arusha wa miaka ya 1980 na 1990, mwanaapolo, yaani mchimbaji wa Mererani, aliyerudi na pikipiki mpya na redio kubwa alikuwa mshindani wa mwalimu wa hesabu. Mwalimu aliahidi ajira baada ya miaka saba. Mererani iliahidi utajiri Jumamosi ijayo. Wengi waliokwenda hawakurudi na kitu, na wapo waliofia mashimoni. Ndipo Juni 2020 mchimbaji Saniniu Laizer alipoiuzia serikali mawe mawili, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, akalipwa shilingi bilioni 7.74. Hakuwa amepata nafasi ya kusoma, na alipoulizwa mipango yake alitaja kujenga shule. Hakuna igizo la kidato cha nne lililowahi kutunga kitu kama hicho.

Sura ninayoipenda zaidi katika historia hii inaanzia 2004. Mwaka huo serikali ilianza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, na mpango wa kila kata kuwa na sekondari yake. Edward Lowassa, mtoto wa Monduli hapa jirani, akiwa Waziri Mkuu kati ya 2005 na 2008, aliusukuma ujenzi huo kwa nguvu zake zote. Sekondari nchini zilikuwa takriban 1,300 mwaka 2004. Kufikia 2009 zilizidi 4,000. Wazazi walibeba mawe, mchanga na maji. Vyumba vingi vilifunguliwa kabla ya kupata walimu, vingine kabla ya kupata madirisha, na watu wakazibeza shule za kata. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012, ambapo zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata divisheni ziro, yaliuma sana. Wanaozibeza wasisahau jambo moja, kwamba mahafali yaliingia katika familia ambazo hazijawahi kuwa na mhitimu. Katika kata kama yetu, binti aliyesoma sekondari ya kutembea kwa miguu ndiye wa kwanza ukoo mzima kuvikwa shada. Bibi yake hajui neno hata moja kati ya yaliyoandikwa kwenye cheti, lakini anajua kicheko. Igizo likianza, hahitaji mkalimani.

Igizo lenyewe mara nyingi hupewa jina la "Miaka Ishirini Ijayo" au linalofanana nalo. Mvulana mmoja huweka pamba kidevuni, akavaa koti la kuazima linalomfika magotini: huyo ni mwalimu wa nidhamu, sasa mstaafu. Ameugua. Anaingia hospitali ya Mount Meru akikongoja na kumkuta daktari bingwa ambaye ni yule aliyekuwa akitoroka zamu ya kufyeka. "Shikamoo mwalimu," daktari anasema, "piga magoti kwanza, halafu unieleze kwa nini umechelewa." Hapo uwanja mzima hulipuka, na mwalimu wa nidhamu wa kweli, aliyekaa meza kuu, hucheka kuliko wote. Asipocheka, watu humkumbuka kwa hilo.

Baada ya igizo husomwa wosia. "Mimi, mhitimu wa bweni la pili, nikiwa na akili timamu kwa kadiri ya makande niliyokula, namwachia mdogo wangu wa kidato cha tatu ndoo yangu isiyo na mkono, kitanda changu pamoja na kunguni wake wote, na nafasi yangu ya mbele kwenye foleni ya bwalo. Godoro nimemrudishia mama." Ukisikiliza vizuri, umepewa ripoti ya ukaguzi wa shule. Risala ya wahitimu nayo, ile rasmi, humweleza mgeni kwamba shule ina mafanikio mengi na changamoto chache, kisha hutaja uzio, maji, maabara, walimu wa sayansi, umeme, nyumba za walimu na bweni la wasichana. Wosia wa utani hutaja kunguni.

Kuna mzaha mmoja wa huku ambao mgeni anaweza asiuelewe. Maji ya ardhini kuzunguka Mlima Meru yana floridi nyingi, na watoto wengi hukua na meno ya rangi ya kahawia. Wahitimu wetu hujitania wenyewe kwa hilo: anatabiriwa mwenzao kuwa mtangazaji wa televisheni, naye anajibu kwa tabasamu pana lililofunguka lote. Ni ujasiri mkubwa kwa mtoto wa miaka kumi na saba. Hapo Tengeru, katika Taasisi ya Nelson Mandela, Dakta Askwar Hilonga alibuni chujio la maji la teknolojia ya nano, na mwaka 2015 likampatia tuzo ya Afrika ya uhandisi itolewayo na taasisi ya Uingereza. Kwa mtoto wa Oldonyo Sambu, utabiri wa kuwa mhandisi wa maji unaanzia kinywani mwake mwenyewe.

Utabiri mwingine hupita hata mzaha. Arusha ililea wanamuziki wa hip hop kama X Plastaz na Weusi, na kwa miaka mingi mzazi aliposikia mwanawe atakuwa mchana mistari alishika kichwa. Mwaka 2021 Nikki wa Pili wa Weusi aliteuliwa mkuu wa wilaya ya Kisarawe. Mgeni rasmi, kwa maneno mengine.

Mambo mawili yanaiumiza taasisi hii ya mahafali. La kwanza ni ushindani wa fahari: keki za ghorofa, ndafu zaidi ya moja, suti za kukodi, picha na magari ya watu wengine, huku mzazi maskini akichangishwa asichonacho. Mzazi asionewe haya kwa kuja na mkufu wa shanga tu. La pili ni muda. Mgeni rasmi aliyealikwa saa tatu akifika saa saba, kitu cha kwanza kukatwa kwenye ratiba ni igizo, wakati hotuba ya mgeni haikatwi. Nionavyo, hilo ni kosa. Hotuba ile ile aliisoma wiki iliyopita shule nyingine, lakini igizo lile halitaonyeshwa tena popote. Wahitimu wa kidato cha sita wa 2020 wanajua maana ya kunyimwa siku hiyo. Shule zilifungwa Machi kwa sababu ya korona, wakaitwa tena Juni mosi, na mwisho wa mwezi huo huo walikuwa kwenye chumba cha mtihani. Wengi walitawanyika bila kuagana.

Ombi langu kwa wakuu wa shule wa kata zote zinazouzunguka Mlima Meru ni dogo. Nunueni kaunta buku moja. Kila mwaka, kabla wahitimu hawajarudi makwao, aliyesoma wosia aunakili humo, waliotunga igizo waandike maneno yao, na kila mmoja aandike mstari mmoja wa alichotabiriwa. Mgeni rasmi akichelewa, asubirishwe yeye, igizo liendelee. Na wewe uliyemaliza zamani, kama bado unakumbuka mliyosema siku yenu, peleka shuleni kwenu. Kidato cha nne wa mwaka huu watapanda jukwaani Septemba.