Kingamwili nafsi katika skleroderma ya mwili mzima

Kingamwili nafsi ni protini za kinga zinazolenga chembe za mwili wenyewe. Hupatikana katika damu ya zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa wa skleroderma ya mwili mzima, maradhi yanayokakamaza ngozi na kuharibu mishipa midogo ya damu, mapafu na figo. Mgonjwa huwa na aina moja kuu, nayo hudokeza mkondo wa ugonjwa: inayolenga topoisomerasi I huandamana na makovu ya mapafu; inayolenga polimerasi ya RNA III huandamana na shinikizo la damu la ghafla linaloharibu figo; na inayolenga sentromea, ambayo ni nadra kwa Waafrika, huandamana na shinikizo la juu katika ateri za mapafu. Kama zenyewe ndizo zinazodhuru au ni alama tu, wataalamu hawajaafikiana.

Vumbi la silika, litokalo kwenye mawe yanayopondwa, huongeza hatari ya kupata skleroderma. Mwaka 1957 daktari Erasmus aliueleza ugonjwa huu miongoni mwa wachimbaji dhahabu wa Afrika Kusini, hivyo suala hili linawagusa pia wachimbaji wa Tarime, hasa Nyamongo, na wa Serengeti, nchini Tanzania, wanaoponda mawe ya dhahabu. Katika vigezo vya kimataifa vya mwaka 2013, kingamwili nafsi hizo tatu huchangia alama 3 kati ya 9 zinazohitajika kuuainisha ugonjwa.