Kipimo cha Ngozi cha Kifua Kikuu: "Pozitivu" Maana Yake Nini?



Ndugu zetu katika imani, hapa Rubondo, moja ya kanda tatu za makazi ya wakimbizi ya Nakivale, neno "pozitivu" linatisha. Kwa masharti ya Marekani ya mwaka 2007, watoto wa miaka 2 hadi 14 waliokuwa wakihamia huko kutoka nchi zenye kifua kikuu kingi walipimwa kwa sindano ya ngozi au kwa damu. Mtoto akirudi na jibu hilo, mama hukosa usingizi na jirani huwakataza wanawe kucheza naye. Je, mtoto huyo ni mgonjwa? Tuangalie kipimo hiki kimetoka wapi.

Tarehe 24 Machi 1882, daktari Robert Koch alitangaza mjini Berlin kuwa amekigundua kijidudu cha kifua kikuu. Mwaka 1890 alitoa maji yaliyotengenezwa kutokana na vijidudu hivyo, yakaitwa tuberkulini, akitumaini kuwa ni dawa. Wagonjwa walimiminika Berlin, lakini hayakuwaponya, na baadhi yao walizidiwa wakafa.

Hata hivyo, maji hayo yalikuwa na faida nyingine. Mwaka 1907 Clemens von Pirquet wa Vienna aliyatia kwenye ngozi za watoto kwa kuikwaruza. Watoto wengi ngozi zao zilivimba ingawa hawakuwa na dalili yoyote ya ugonjwa. Mwaka uliofuata Charles Mantoux wa Ufaransa aliyadunga ndani ya ngozi kwa sindano, na njia hiyo inatumika hadi leo.

Basi jibu letu limo katika historia hii. Pozitivu maana yake ni kwamba mwili umewahi kukutana na kijidudu na kinga yake inakikumbuka. Wakati mwingine hata chanjo ya BCG ya utotoni huleta jibu hilo. Karibu robo ya watu duniani wamewahi kuambukizwa, na katika kila 100 ni kama 5 hadi 10 tu watakaougua maishani. Ambaye kijidudu kimelala mwilini mwake hamwambukizi mtu. Hatari huzidi kwa watoto wadogo na wenye VVU.

Kipimo husomwa baada ya saa 48 hadi 72, na kinachopimwa ni uvimbe mgumu, si wekundu. Jibu likiwa pozitivu, picha ya kifua na makohozi ndivyo huonyesha kama kuna ugonjwa. Kijidudu kikiwa kimelala, zipo dawa za kukinga. Ugonjwa ukiwepo, kwa kawaida tiba ni miezi 6. Alhamdulillah, tiba hiyo fupi ilithibitishwa katika miaka ya 1970 kwa majaribio yaliyofanywa hapa kwetu Afrika Mashariki. Kabla ya hapo ilichukua mwaka mmoja na nusu au zaidi.

Dini yetu inatukataza dhana mbaya na kusengenyana, na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kutafuta matibabu. Wazazi, msifiche jibu la mtoto. Mrudisheni kituo cha afya. Na mwenye kikohozi cha wiki mbili, jasho la usiku au anayekonda asingoje kipimo cha ngozi, aende mapema.

Wabillahi tawfiq.