Kutoka kipande hadi kiolezo: Wasifukazi wa kijana wa Garissa

MUHULA uliopita kijana mmoja aliyehitimu majuzi alinijia mjini Garissa na karatasi mbili mkononi. "Adeer," akaniambia, "hebu nisomee hii kabla sijaipeleka." Adeer kwa Kisomali ni ami, na ndivyo vijana wa huko wanavyomwita mzee wanayemheshimu, hata kama asili yake ni kwingine kabisa.

Karatasi zenyewe zilikuwa wasifukazi. Kijana alikuwa amepakua kiolezo cha bure kwenye intaneti, kizuri kwa macho, chenye ukanda wa samawati ubavuni na nafasi ya picha juu. Tatizo ni kwamba mwenye kiolezo alikuwa bado yumo ndani. Penye anwani palisomeka Chicago. Penye uraibu palikuwa na kuteleza juu ya theluji. Na penye tajriba ya kazi, mahali ambapo mwajiri hutua macho mapema, kijana wangu aliandika neno moja tu: Hakuna.

Theluji ilinichekesha. Lile "Hakuna" halikunichekesha.

Nikamuuliza likizoni alikuwa akifanya nini. Kumbe alikuwa akimsaidia mjomba wake dukani Soko Mugdi, akiandika daftari la mikopo na kulinganisha pesa za simu kila jioni. Kabla ya hapo alichunga ngamia wa babake upande wa Balambala, na siku za mnada akawafikisha kwenye soko la mifugo la Garissa, ambalo ni miongoni mwa masoko makubwa zaidi ya mifugo Afrika Mashariki. Wakati wa chanjo aliwafasiria wahudumu wa afya waliotoka kwingine. "Lakini hiyo si kazi, adeer. Sikuandikwa."

Sikuandikwa! Kiswahili kina mambo. Kwetu mwajiri "humwandika" mtu kazi, na asiyeandikwa ni kana kwamba hakufanya lolote. Sidai kwamba maana hiyo ilizaliwa na serikali ya kikoloni, lakini serikali hiyo iliipa uzito wa chuma.

Nasema chuma kwa sababu ya kipande. Sheria ya kuwasajili Waafrika ilipitishwa 1915, ikacheleweshwa na Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, ikaanza kutekelezwa 1919. Mwanamume Mwafrika aliyefikisha umri wa miaka 16 na kutoka kwao kwenda kutafuta kazi alipaswa kubeba karatasi yenye alama za vidole vyake, kabila lake, majina ya waajiri, ujira wake na tarehe za kuingia na kutoka kazini. Karatasi ilitiwa ndani ya kikopo cha chuma, kikaning'inia shingoni. Mwajiri asipotia saini ya kukuachilia, basi, huandikwi kwingine. Harry Thuku na wenzake walipoinuka miaka ya mwanzo ya 1920, kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko yao makubwa. Hadi leo wapo wazee wanaokiita kitambulisho kipande.

Kwa maoni yangu huo ndio uliokuwa wasifukazi wa kwanza kuenea nchini Kenya. Ila aliyeuandika alikuwa bwana, na mwenye maisha yake aliubeba tu.

Kaskazini mambo yalichukua sura nyingine. Sheria ya 1902 ilifungua njia ya kulifunga eneo lililokuja kuitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, na ile ya 1934 ikakaza kamba zaidi. Kuingia au kutoka kulihitaji kibali. Reli haikufika huko wala mashamba ya walowezi, kwa hivyo kazi ya mshahara ilikuwa haba. Uhuru nao haukufungua mlango: hali ya hatari iliyotangazwa Desemba 1963 iliondolewa Novemba 1991. Mwaka wa 1989 Wasomali wa Kenya walipangwa foleni wakapekuliwa, wakapewa kadi za rangi ya waridi juu ya vitambulisho walivyokuwa navyo. Kisha wapo Wakenya waliosukumwa na njaa wakajisajili katika kambi za Dadaab ili wapate chakula. Miaka ikapita, alama zao za vidole zikabaki miongoni mwa za wakimbizi, wakakosa kitambulisho. Ni Februari 2025 tu ambapo Rais Ruto, akiwa Wajir, alitia saini tangazo la kuondoa upekuzi wa ziada kwa waombaji wa maeneo ya mpakani.

Kwa hivyo kijana wa huku akiona kisanduku tupu kinachodai nambari, tarehe na jina la aliyemwandika, woga wake usitushangaze. Amerithi.

Lakini amerithi pia kitu kingine. Kabla ya karatasi zote hizi mtoto wa Kisomali alikuwa na wasifu wake kinywani, yaani abtirsi: jina lake, la babake, la babu yake, akipanda hivyo hadi kwa babu wa mbali kabisa. Wasifu ule hukuweza kuupoteza kwenye basi. Kiolezo kutoka ng'ambo hakilijui jambo hili. Kinadai "jina la ukoo", na kijana anaandika jina la babu yake mahali pamoja, la babake mahali pengine, mwishowe cheti kinasema hili na barua ile. Nilimshauri afute visanduku hivyo aandike majina yote matatu kwa mpangilio wa kitambulisho chake.

Kukarabati kiolezo ni jambo la kale, kwa kweli. Takriban mwaka 1482 Leonardo da Vinci alimwandikia Ludovico Sforza wa Milan akiomba kazi. Mchoraji yule hodari alianza na madaraja ya kubebeka na mitambo ya vita, kwa kuwa ndivyo mtawala alivyovihitaji. Uchoraji akauweka mwishoni. Basi anayetafuta kazi yake ya kwanza na achague kiolezo kinachotanguliza elimu na ujuzi, ile orodha ndefu ya waajiri aiondoe. Achague cha safu moja. Ule ukanda wa samawati ukitolewa fotokopi hugeuka doa jeusi, na saiba hutoza zaidi kwa rangi. Ajihadhari pia na tovuti zinazotangaza bure, halafu ukishajaza kila kitu zinadai pesa ndipo upakue. Dini na hali ya ndoa? Futa. Kifungu cha 27 cha Katiba kinakataza ubaguzi kwa misingi hiyo. Kwa nini umpe mtu kishawishi?

Tulikaa saa nzima. "Hakuna" ikaondoka, mahali pake pakaingia: msaidizi wa hesabu, duka la rejareja, Soko Mugdi, pamoja na miaka yenyewe na idadi ya wateja wa daftari. Ufasiri wa Kiswahili na Kisomali ukapata mstari wake. Mjomba tulimtoa kwenye orodha ya warejelewa, maana ndugu hasadikiki, akaingia mwenye duka jirani.

Ngamia ndio waliotuletea ubishi. Kijana aliona haya, akasema wenye ofisi watamcheka. Nafasi yenyewe ilikuwa ya karani katika mradi wa mifugo! Nikamuuliza aliwezaje kujua jioni kwamba kundi limetimia. Akanieleza kwa dakika kumi, alama za kila ukoo, nani mgonjwa, nani ana mimba, na mimi nikawa naandika.

Ameipeleka. Hadi naandika makala haya bado hajapigiwa simu.